Baba wa babu alichukuliwa 1917 na hakurudi: je, huyu wa daftarini ni yeye?

Swali: "Mwalimu, hujambo. Baba wa babu yangu alichukuliwa na watu wa chifu mwaka 1917, hapa kwetu Butere, akaenda kuwabebea Waingereza mizigo vitani huko Tanganyika. Hakurudi. Tumwite Makokha, jina lake kamili nimekuandikia kando. Wazee wengine wanasema alifia Kilwa wakati wa masika, wengine wanasema alizama na meli. Nimemtafuta kwenye tovuti ya makaburi ya vita, simwoni. Sasa binamu yangu amenitumia picha ya ukurasa mmoja wa daftari la zamani. Kuna mtu ameandikwa 'Makoka', jina la pili silitambui, kabila 'Kavirondo', mahali Kisumu, kafa Dar es Salaam Februari 1918. Sisi ni Waluhya wa Butere, Kisumu si kwetu, na baba yake hakuitwa hivyo. Tuna pia nyota ya shaba ya pembe sita ambayo shangazi anasema ndiyo nishani yake. Je, huyu ni yeye? Na hakuna sensa ya wakati ule ambayo ningeitazama nikamaliza?"

Jibu: Dada yangu, nianze na nyota, maana hapo ndipo penye jibu lisilo na shaka. Si yake.

Nyota ya shaba ya pembe sita, yenye herufi za mfalme katikati, ilitolewa kwa waliotumikia Vita vya Pili vya Dunia. Ile ya Vita vya Kwanza ina pembe nne, panga mbili zilizopishana, na mwaka umeandikwa katikati. Aliyekufa 1917 au 1918 hana njia ya kuipata ya pembe sita. Tena wapagazi wengi wa vita vile vya kwanza hawakupewa nishani yoyote. Nishani zilizofika kwa Waafrika wa huku ziliwaendea zaidi askari wa King's African Rifles, wale ambao wazee huwaita Keya, na hizo huwa zimechongwa nambari, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Mwenye nishani ya namna hiyo kabatini atwae kioo cha kukuzia asome ukingo wake kabla hajaanza kuhangaika na jambo jingine lolote. Nyota za vita vya pili, kwa bahati mbaya, Waingereza walizitoa bila jina.

Kwa hiyo masimulizi ya nyumbani kwenu yana watu wawili ambao wameshonwa wakawa mmoja, na yule wa pili huenda ndiye aliyezama. Nikisikia familia ya Kenya inasema "alizama na meli", meli ninayoitazama kwanza ni Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, na tarehe 12 ikapigwa torpido na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda usiofika dakika 3. Walikufa watu wapatao 1,300, na mamia kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki waliokuwa njiani kwenda vita vya Burma. Hao waliandikwa vizuri kuliko wapagazi wa 1917. Majina yao yako kwenye ukumbusho uliomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, upande wa Ngong Road, na pia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Rekodi za vita vya pili mara nyingi zinataja jina la baba na wilaya ya nyumbani. Mtafute kaka au mtoto wa kaka wa Makokha aliyekwenda "Bama". Shangazi usimpinge. Muulize tu nyota ilifika vipi nyumbani, nani aliipokea, na kama yeye mwenyewe alikuwa amezaliwa. Mzee akikumbuka kwa macho yake siku nishani ilipoletwa, basi hatuzungumzii tena 1918.

Sasa sensa. Haipo. Sensa ya kwanza ya kuwahesabu Waafrika wote wa Kenya ilifanyika 1948. Kabla ya hapo afisa wa wilaya alihesabu vibanda vya kodi, akavizidisha kwa idadi ya watu aliyoikadiria kwa kila kibanda, akapeleka jumla Nairobi. Hiyo ndiyo "idadi ya watu" utakayoikuta kwenye taarifa za mwaka za Nyanza wakati wa vita. Ndani yake hamna jina hata moja la mwananchi wa kawaida.

Serikali ile ilimwandika mtu kwa jina pale tu ilipomdai pesa au ilipodaiwa naye. Alilipa kodi ya kibanda, au alistahili mshahara wa jeshi. Basi Makokha, kama aliandikwa popote, aliandikwa na karani aliyekuwa akifikiria rupia. Ukilishika hilo, makosa mengi ya ule ukurasa yanaanza kueleweka, maana karani alikuwa makini na kile ambacho hesabu ilikihitaji, na kwa mengine alipitisha mkono tu. Hesabu ilihitaji nambari. Jina la baba, kabila na kijiji vilikuwa vya kujazia mistari.

Nikupe picha ya mfumo wenyewe. Kikosi cha wapagazi kiliundwa Nairobi Agosti 1914, vita vilipoanza, chini ya Oscar Watkins aliyekuwa afisa wa utawala. Mwanzoni walikwenda watu waliojitolea kwa mshahara. Mshahara ulipopunguzwa na habari za vifo zikarudi vijijini, kujitolea kukaisha, na sheria ya 1915 ikaruhusu kuchukua watu kwa nguvu. Machi 1917 John Ainsworth, ambaye Nyanza ilimjua vizuri kwa kuwa alikuwa mkuu wa jimbo, akapewa kazi ya kukusanya watu kwa wingi, na kwa miezi michache wakatolewa wanaume wapatao 120,000. Kila chifu alipangiwa idadi, naye akawapangia walioko chini yake. Makokha, kama kweli alichukuliwa 1917, alikuwa katika wimbi hilo, na ndilo wimbi ambalo makarani walielemewa nalo kuliko yote. Mtu anasimama mezani, anatajiwa jina, linaandikwa, anapewa kibati cha nambari cha kuvaa, anasogea, anakuja mwingine. Nyuma yake kuna mamia.

Tuurudie ukurasa wako, neno kwa neno.

"Makoka" badala ya Makokha hakunisumbui hata kidogo. Karani aliyesomea Kiswahili cha misheni au Kiingereza hakuwa na namna ya kuiandika ile "kh" yenu, hivyo aliandika k au h. Mtafute pia kama Makoha, Mukoka, Makoko. Kwa wasomaji wengine: badilisha l na r, b na p, na jaribu kuitoa au kuiongeza irabu ya mwanzo. Na kwenye tovuti ya Tume usijaze nafasi mbili za jina. Mara nyingi jina lote la Mwafrika limewekwa kwenye nafasi ya jina la ukoo, hata kama ni majina mawili. Weka jina moja tu pale, kisha punguza kwa nchi na kwa vita. Ukilitafuta kwa mtindo wa kitambulisho cha leo, mtu aliyemo utamkosa.

"Kavirondo" si kosa pia. Mwaka 1917 hakuna karani ambaye angeandika "Luhya", kwa sababu jina hilo la kuwakusanya Wamarama, Wawanga, Wabukusu, Wamaragoli na wengineo lilienea baadaye, katika miaka ya 1930 na 1940. Maafisa waliwaita Waluhya na Wajaluo wote Kavirondo. Ungekuta ameandikwa "Luhya" ningekuambia ukurasa umenakiliwa upya miaka mingi baadaye, au ni bandia. Hali ni hiyohiyo kwa wengine. Huwezi kumpata Mkalenjin wala Mmijikenda katika karatasi za vita vya kwanza. Utampata Mnandi, au "Lumbwa" ambaye ni Mkipsigis, au "Kamasia" ambaye ni Mtugen, na pwani utampata "Nyika". Neno "Swahili" lilibandikwa kwa yeyote mwenye kanzu au jina la Kiislamu, hata kama alizaliwa bara kabisa. Kabila katika daftari la jeshi linakuambia karani alimwonaje mtu, basi.

Kisumu je? Butere ilikuwa chini ya wilaya ya North Kavirondo, na makao yake yalikuwa Mumias hadi 1920 yalipohamia Kakamega. Lakini reli ilikuwa Kisumu. Watu wa upande wenu walitembezwa hadi huko, wakapandishwa gari-moshi kwenda Nairobi. Mahali panapotajwa kwenye orodha za wapagazi mara nyingi ni kituo alikopitia mtu, si kijiji alikozaliwa. Kwa hiyo "Kisumu" hakumwondoi Makokha wako, ila pia hakumthibitishi, maana kupitia kituo hicho walikwenda watu wa Nyanza nzima.

Jina la pili ndilo tatizo la kweli, na hapa naomba tusikimbie. Familia inasema baba yake aliitwa hivi, daftari linasema vingine. Zipo njia kadhaa za kufika hapo bila mtu yeyote kudanganya. Mpagazi akiulizwa "wewe mtu wa nani?" na mkalimani wa kabila jingine, angeweza kumtaja baba, au babu, au ukoo, au liguru (mkuu wa kijiji chini ya chifu) aliyemleta, au chifu. Mtu alikuwa na jina la kuzaliwa, jina la utani, na pengine jina la ubatizo, na majirani wa kijiji walimjua kwa mojawapo tu. Wengine walitaja jina la uongo makusudi, wakidhani wakitoroka hawatafuatwa nyumbani. Ipo njia nyingine ambayo watu hawapendi kuisikia: aliyepangiwa kwenda alimtuma mwingine, akaenda kwa jina la mwenzake. Kwa hiyo kabla hujasema "jina la baba ni kosa", nenda kwa wazee ukiwa na lile jina la pili limeandikwa kwenye karatasi. Usiwaambie umelitoa wapi. Uliza tu, "Huyu alikuwa nani?" Kama jibu ni "Huyo alikuwa liguru wa hapa wakati wa Nabongo Mumia," umepata kitu kikubwa. Kama hakuna anayelijua, hata ng'ambo ya mto, basi shaka inaongezeka, na hiyo nayo ni habari.

Kuhusu Dar es Salaam badala ya Kilwa: hakuna mgongano. Waingereza waliitwaa Dar es Salaam Septemba 1916, na mwezi huohuo wakaanza kushusha majeshi Kilwa. Mwaka 1917 vita vikali vilikuwa kusini, Narungombe mwezi Julai, Mahiwa mwezi Oktoba, na mizigo yote kutoka Kilwa na Lindi kwenda ndani ilibebwa vichwani. Wagonjwa walirudishwa pwani, na wengi wakapakiwa melini kwenda hospitali za Dar es Salaam. Mtu aliyetumika Kilwa akafa Dar es Salaam ni jambo la kawaida kabisa. Wenzake walimwacha akiwa mgonjwa Kilwa, wakarudi nyumbani wakasema "alibaki Kilwa", na kijiji kikasikia "alifia Kilwa".

Na Februari? Nilifurahi nilipoiona. Aliyechukuliwa baada ya Machi 1917 hangeweza kuwa amefika Kilwa na kuugua katika masika ya mwaka huohuo, au angewahi kwa shida sana. Mvua za pwani ya kusini hazifuati kalenda ya Butere. Kule msimu ni mmoja mrefu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Februari 1918 ni katikati ya mvua za Kilwa na Lindi. "Wakati wa masika", iliyosimuliwa na mtu aliyekuwepo, inaingia hapo bila kulazimishwa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa tayari amevuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji mwishoni mwa Novemba 1917, lakini wapagazi waliobaki nyuma waliendelea kufa kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Adui wao mkubwa tangu mwanzo alikuwa posho mbovu na tumbo, kuliko risasi. Walilishwa unga wa mahindi ambao mara nyingi haukusagwa vizuri wala haukupikwa ukaiva, na waliotoka sehemu ambazo hawakuuzoea waliangamia haraka zaidi.

Hata hivyo ichukue tarehe kwa tahadhari. Katika madaftari ya namna hii tarehe inaweza kuwa siku mtu alipokufa, au siku taarifa ilipofika ofisini, au siku jina lilipofutwa kwenye orodha ya mishahara. Ukiona watu wengi wamekufa siku moja ya mwisho wa mwezi, ujue ni karani anafunga hesabu.

Hebu nizungumzie wale wasiomo, maana wasomaji wengi huandika wakiwa na swali lako lakini bila hata ukurasa mmoja. Daftari la vifo liliandikwa vizuri hospitalini na vibaya njiani. Aliyefia kitandani Dar es Salaam alikuwa na nambari, daktari na karani. Aliyekaa chini pembeni mwa njia ya kwenda Liwale na msafara ukapita alikuwa na nyapara tu, na nyapara jioni aliulizwa: wako wapi watu wako? Kama hakumwona akifa, hakuweza kusema amekufa. Aliandikwa "amepotea" au "mtoro". Maelfu waliandikwa hivyo, na baada ya vita hata maafisa wenyewe walikubali kwamba sehemu kubwa ya hao walikuwa wafu. Nimekutana na wajukuu wanaoona haya kulitaja neno hilo walilolikuta kwenye karatasi. Utoro ulikuwepo, na kwa hali ile nani angewalaumu. Lakini kama mtu aliandikwa mtoro na kijijini hakuonekana tena, wala kodi yake haikulipwa tena, mimi namhesabu miongoni mwa waliokufa, na usiruhusu neno la nyapara aliyechoka likuharibie jina la babu.

Tume yenyewe, katika ripoti ya kamati maalumu iliyotolewa Aprili 2021, ilikiri kwamba waliotumikia dola ya Uingereza katika vita vya kwanza wakafa bila kukumbukwa kwa majina, au pengine bila kukumbukwa kabisa, ni watu wasiopungua 116,000, na huenda wanafika 350,000. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ndiyo sababu hukumpata kwenye tovuti. Kutoonekana pale hakumaanishi chochote kuhusu mtu wako. Hata zile sanamu tatu za shaba za Kenyatta Avenue, Nairobi, zilizowekwa kwa heshima ya askari na wapagazi, hazina jina la mpagazi yeyote. Tume sasa inakusanya majina na inapokea habari kutoka kwa familia, kwa hiyo ukikamilisha utafiti wako wapelekee.

Nini cha kufanya basi? Nakushauri uache kumtafuta Makokha kwa muda, uwatafute wenzake.

Watu hawakwenda mmojammoja. Chifu alipeleka kundi, kundi likasimama mezani pamoja, na nambari zikatolewa zikifuatana. Kaa na wazee wa Butere, uandike majina ya kila mwanamume wa kijiji na vijiji vya jirani anayesemekana alikwenda mwaka ule, waliorudi na wasiorudi. Waliorudi ni wa thamani zaidi, kwa sababu wana watoto wanaokumbuka. Tafuta hasa yule aliyeleta habari za kifo: alikuwa nani, alisema nini, alitoka wapi. Kisha tazama nambari ya "Makoka", utafute nambari zilizo karibu nayo. Ukikuta majina mawili au matatu ya orodha yako ndani ya nambari chache juu na chini yake, nitakuwa tayari kuandika kwa wino kwamba ni yeye, hata jina la baba likibaki kitendawili. Ukikuta majirani wote wa nambari ni majina ya Kijaluo kutoka upande wa Seme au Nyakach, nitasema ni mtu mwingine mwenye jina linalofanana, na Makokha hawakuwa wachache.

Lakini angalia ukurasa umepangwaje. Kama mistari inafuata nambari, majirani wa mstari ni watu wa nyumbani. Kama inafuata tarehe za vifo, majirani wa mstari ni wagonjwa wa hospitali moja tu, hata kama wametoka pande tofauti za nchi. Kosa hili hufanywa kila mara na watu wenye haraka. Kwa hiyo mwombe binamu yako picha ya jalada la faili, namba yake ya hifadhi, na kurasa mbili, iliyotangulia na inayofuata. Picha ya ukurasa usiojulikana umetoka wapi haina nguvu. Hata ikiwa na ukweli wote wa dunia, hakuna atakayeweza kurudi kuuhakiki.

Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi, ndiko kituo chako kikubwa. Usiombe "orodha ya wapagazi", maana utajibiwa haipo na jibu litakuwa la kweli kwa jinsi ulivyouliza. Omba taarifa za mwaka za Nyanza na za North Kavirondo za 1916 hadi 1920, kisha mafaili ya barua za mkuu wa jimbo na wa wilaya yanayohusu wapagazi, marehemu, na mishahara isiyodaiwa. Taarifa za mwaka zitakupa miezi ambayo watu walichukuliwa na idadi yao. Mafaili ya barua ndiyo yenye majina, yakija vipande vipande, kwa sababu fedha ya marehemu ilipaswa kutafutiwa mrithi, na kwa hiyo Nairobi ililiuliza boma, yaani ofisi ya wilaya, na boma likamuuliza chifu. Sarafu ikusaidie kupima umri wa karatasi isiyo na tarehe: hesabu za rupia ni za hadi 1920, kisha ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Orodha ya mishahara ya shilingi ni nakala iliyoandikwa miaka kadhaa baada ya vita, na kila kunakili kumeongeza makosa yake.

Zile pesa zenyewe, kama utaulizwa nyumbani, zimeshapita. Serikali ya koloni na London zilibishana juu ya mishahara isiyochukuliwa hadi miaka ya 1930, na familia nyingi hazikupata kitu. Mtu akikupigia simu akakuambia lipa ada kidogo ufunguliwe faili la fidia ya babu, kata simu.

Usiyasahau makanisa. Misheni ya Kianglikana ya CMS ilifika Butere 1912, Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa Mumias kabla ya hapo, Wafrenzi (Quakers) walikuwa Kaimosi. Makokha huenda hakubatizwa, lakini mkewe au watoto wake huenda walibatizwa miaka ya 1920, na rejista ya ubatizo humwandika baba, na wakati mwingine inataja kama yu hai. Hapo ndipo unapoweza kuliona jina la Makokha na la baba yake kama familia yenyewe ilivyoyatamka, mbele ya mtu aliyeijua lugha yenu. Mimi karatasi hiyo ya kanisa naiamini kuliko daftari la jeshi katika suala la nani alimzaa nani, na daftari la jeshi naliamini zaidi katika suala la nani alifia wapi.

Kipande, ile karatasi ya utambulisho ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba, nacho kitafutwe. Uandikishaji wa vipande ulianza kutekelezwa baada ya vita, 1919 na 1920, kwa hiyo Makokha hana. Kaka zake walikuwa nacho. Familia nyingi zimehifadhi lile kopo dogo la kuvaa shingoni, na ndani yake bado imo karatasi. Isome uone makarani wa serikali waliandikaje jina la ukoo wenu wakati ule, kisha uende na tahajia hiyo kwenye madaftari mengine. Na ukikuta kipande cha miaka ya 1920 chenye jina Makokha na jina la baba lile familia inalolijua, basi itabidi tukae upya, kwa sababu aliyekufa 1918 hakuandikishwa 1920.

London nimeiweka mwisho kwa makusudi. Hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew ina shajara za vita na kadi za nishani, na watu hutumia pesa nyingi kuagiza nakala. Shajara zinataja vikosi na idadi ya mizigo. Wapagazi humo ni hesabu. Agiza tu ukishajua kundi lake lilikuwa wapi na ungependa kusoma siku zile zilikuwaje.

Kwa hali ilivyo leo, jibu langu kwa swali lako ni hili: inawezekana, na inawezekana kuliko nilivyotarajia nilipoanza kusoma barua yako. Jina, kituo, mwaka, mwelekeo wa safari na majira ya mvua vinakubaliana. Jina la pili linakataa. Wenzake hatujawatazama. Katika mti wa ukoo andika hivi: "Makokha, alichukuliwa 1917 kutoka Butere, hakurudi." Chini yake, kwa penseli: "Huenda ndiye Makoka, nambari fulani, aliyefariki Dar es Salaam, Februari 1918, jina la pili halijaelezwa." Weka na namba ya faili. Nyota ihamishie kwa mtu wa vita vya pili, hata kama kwa sasa mstari wake hauna jina. Kisha nenda kwa wazee mapema, na uanze na familia ya yule aliyerudi na habari.